Udongo Ndani ya Mtumbwi wa Rubisi

Kigae kilichorudi kutoka Biharamulo kilikuwa na rangi ya manjano iliyofifia, nacho kilijaa madoa meusi kama yai la kanga. Anastazi alikiweka juu ya kigoda katikati ya uwanja, akakaa kando yake kama mtu aliyeleta mgonjwa.

Mama yake, Febronia, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukigusa. Alikigeuza, akakinusa, akakikwaruza kwa ukucha.

"Ndio udongo wetu huu?"

"Ndio, mama. Wameuchoma kwenye tanuru yao ukawa hivyo."

"Ulipotoka hapa ulikuwa mweupe."

"Mbichi ni mweupe. Wanasema ndani una chuma, na chuma kikipata moto kinajionyesha. Pia kuna kitu kingine kinaitwa titani."

"Titani ni nani?"

"Si mtu, mama. Ni madini."

"Na muda wote huu amekaa katika shamba la marehemu baba yako, hata kusalimia hakusalimia?"

Anastazi alitaka kucheka, lakini alimtazama mkewe akaacha. Evarista alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko akimenya ndizi. Hakuinua macho. Binti yao mdogo, Adventina, alikuwa akikusanya maganda na kuyapanga mstari.

"Kwa hiyo wameukataa," alisema Evarista.

"Hawajaukataa. Yule binti fundi wao, Uwimana, amesema niuoshe. Niuloweke majini, niuache utulie, nichukue ule laini wa juu. Niwapelekee gunia moja kabla hawajawasha tanuru tena. Ukifaa, watanunua kwetu. Usipofaa, bosi wao Clotilda atatafuta kwingine."

"Na shimo letu?"

Nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na nusu ya shamba la migomba, sasa palikuwa na shimo linaloweza kuficha ng'ombe wawili. Udongo wa juu, aliouchimba pembeni kwa jembe na kuupeleka kama sampuli ya kwanza, ulikuwa umemfurahisha sana Clotilda. Karakana yake ilitengeneza sahani na vikombe vyeupe, na alikuwa amechoka kuagiza udongo wa mbali. Anastazi alirudi nyumbani Kirushya siku ile akiwa na furaha iliyomzidi. Hakungoja jibu la udongo wa chini wala hakumwuliza mkewe. Alichukua panga.

Huku kwao, migomba inayozaa haikatwi na mwenye nyumba. Anayekata migomba ya nyumba ya mtu ni adui, au ni ndugu anayegombea ardhi. Ndiyo maana jirani yao Fideli alisimama njiani siku ile na kupiga kelele: "Shemeji Evarista! Njoo uone, mmevamiwa! Halafu adui mwenyewe amevaa shati la mumeo!" Watu walicheka mpaka bondeni. Evarista naye alitabasamu, maana mbele za watu ilibidi iwe hivyo. Alipoingia ndani alikaa kitandani muda mrefu akiwa ameshika mikono yake.

Sasa aliweka kisu chini.

"Baba Adve, nisikilize. Shimo haliliwi. Kigae kikirudi tena na madoa, mimi na mtoto tutakwenda kwa kaka yangu Murusagamba. Tutakula huko mpaka hapa paote kitu."

Hakupandisha sauti. Anastazi angependa apandishe.

"Mama, umemsikia?" aliuliza, akimgeukia Febronia kama mtoto.

"Nimemsikia," alisema bibi yule. "Na mimi ningekuwa na mguu mzima ningekwenda naye."

*

Wiki ile kulikuwa na harusi huko huko Murusagamba, mtoto wa kaka yake Evarista alikuwa akioa. Ndizi za migomba iliyokatwa zilikuwa zimeiva kwenye shimo la kuivishia, na Evarista hakutaka zioze. Alizikamua kwa majani kwenye mtumbwi wa pombe wa mama mkwe wake, ule wa mti mmoja uliochongwa ndani, akachanganya unga wa mtama uliokaangwa, akafunika. Rubisi, pombe ya ndizi, ilipokuwa tayari aliijaza kwenye madumu, akayapakia kwenye pikipiki za kukodi, na wote watatu wakaondoka: yeye, mtoto na mama mkwe, aliyesema mguu wake unauma kwa kazi lakini hauumi kwa harusi.

"Mtumbwi sijausugua," alimwambia mumewe. "Nitausugua nikirudi. Usiuguse."

Anastazi alibaki peke yake na kazi ya Uwimana. Alianza vizuri. Aliutwanga udongo mkavu, akapitisha juu yake sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, na punje nyeusi zikaruka na kuning'inia kama ndevu. Alifurahi. Lakini Uwimana alikuwa amemweleza kwamba chuma kingine hakimo kwenye punje. Kimeshika udongo wenyewe kama rangi inavyoshika kitambaa, na sumaku haikioni. Ilibidi kuosha.

Hakuwa na pipa. Fideli alikuwa nalo, lakini pipa la Fideli lisingekuja bila maneno ya Fideli. Na maji yalikuwa chini bondeni. Alichukua dumu la njano akashuka, akawakuta wanawake wamekaa juu ya mawe wakingoja zamu.

"Jamani, karibu shemeji! Mke amekimbia?"

"Amekwenda harusini."

"Hata aliyekimbia huanza kwa kwenda harusini!"

Alichota dumu lile moja tu. Alipanda kilima masikio yakimwaka moto, akaamua kwamba hatashuka tena.

Mtumbwi ulikuwa pale pale kwenye kivuli cha migomba iliyobaki. Chini yake kulikuwa na machicha, unga wa mtama uliovimba, na rubisi ya mwisho iliyoanza kuchachuka. Pembeni kulikuwa na ndoo za maji ambayo Evarista alisuuzia majani ya kukamulia, matamu bado, yamejaa nzi. Anastazi alitazama huku na huku. Maji ni maji, alijiambia. Yatamwagwa tu. Alimimina udongo ndani ya mtumbwi, akaongeza maji yale ya ndizi na dumu lake moja, akakoroga kwa mpini wa jembe mpaka ukawa kama uji. Kisha akafunika kwa majani ya migomba, kwa mazoea tu, kama watu wanavyofunika mtumbwi siku zote.

Alipofunua kesho yake ili aone kama umetulia, ulikuwa ukitoa mapovu.

Alirudisha majani haraka, akaweka na mawe juu yake, kana kwamba kilichomo kingeweza kutoka. Joto lilikuwa kali. Kila alipopita alisikia kitu kikifukuta chini ya majani, polepole, kama mtu anayenong'ona. Harufu ilikuja, kwanza ya pombe, baadaye ya mayai mabovu. Hakufunua tena. Alikwenda kupalilia maharage ambayo hayakuhitaji kupaliliwa.

*

Febronia aliisikia harufu kabla hajashuka kwenye pikipiki.

"Nani amekufa hapa?"

Hakuna aliyemjibu. Evarista alikuwa ameshafika kwenye mtumbwi na kutupa mawe chini. Alipotoa majani, wote watatu walirudi nyuma. Ule udongo mweupe ulikuwa umegeuka kijivu, kijivu cha matope ya kwenye mfereji, na juu yake maji yalisimama yakiwa na rangi ya kijani kibovu.

"Anastazi," alisema mama yake. Hakumwita mwanangu. "Mtumbwi huu aliuchonga baba yako. Uliwapa kinywaji waliokwenda kukuposea mke. Umeuwekea nini?"

"Udongo, mama. Sikuwa na pipa."

"Na hii kijani?"

"Ni… maji ya ndizi. Maji yalikuwa mbali."

"Maji yalikuwa mbali," Evarista alirudia. "Maji ambayo nachota mimi kila siku yalikuwa mbali."

Alicheka, na kicheko kile kilimwumiza Anastazi kuliko matusi. Lori la maharage la kwenda Biharamulo lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi. Hakukuwa na udongo mwingine uliotwangwa, wala muda wa kuutwanga.

"Basi nitakwenda mikono mitupu," alisema. "Nitawaambia tumeshindwa."

"Utakwenda baadaye. Kwanza unitolee uchafu huu kwenye chombo cha watu. Chukua madumu. Yote."

Alikwenda. Wanawake wa bondeni walimwona, wakamcheka, akachota. Akarudi, wakamcheka tena, akachota. Baadaye walichoka, na mmoja akamsaidia kujitwisha.

Evarista alifanya kazi akiwa amefunga khanga puani. Alikuwa na hasira, lakini mikono yake ilijua jambo moja tu kuhusu mtumbwi ule, nayo ikalifanya bila kumwuliza. Alikoroga, akangoja, akachota kwa kibuyu udongo mwepesi unaoelea juu na kuuweka kwenye ndoo, akaacha ule mzito wa chini, kama mpikaji yeyote wa rubisi anavyoyaacha machicha. Maji yakiwa ya kijani aliyamwaga pembeni juu ya mawe, akaongeza mengine, akakoroga tena. Mwishoni, kwenye sakafu ya mtumbwi, ulibaki mchanga mweusi mzito unaometameta. Aliukusanya kwa kiganja.

"Huu ndio titani wako?" alimwuliza mumewe. Lilikuwa swali la kwanza alilomwuliza tangu arudi ambalo halikuwa na ncha.

"Sijui. Fundi alisema naye hujificha kwenye punje nyeusi nzito."

Udongo laini waliufunga kwenye shuka kuukuu wakauning'iniza uchuruzike. Bado ulikuwa wa kijivu. Bado ulinuka.

Asubuhi, Febronia alitoka kwenda kunawa uso, akawaita kwa sauti ya ajabu. Walikimbia wakidhani ameanguka. Alikuwa amesimama pale yalipomwagwa maji. Mawe yote, yaliyokuwa meupe jana, yalikuwa yamevaa rangi ya kutu, nyekundu na chungwa, kama bati lililonyeshewa miaka mingi.

Anastazi alichuchumaa, akaligusa jiwe moja kwa kidole.

"Kitu kimetoka," alisema Febronia. "Kizuri au kibaya sijui, lakini kimetoka."

Evarista alikwenda ndani. Alipotoka alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Anastazi.

"Biharamulo. Jibu la safari hii nitalisikia kwa masikio yangu mwenyewe."

*

Mlinzi wa karakana aliwazuia langoni. Alilinusa gunia, akawataza kupita mbele kwa sababu kulikuwa na wageni wakinunua vikombe. Wakazunguka nyuma, kwenye jalala la vyombo vilivyovunjika, Anastazi akiwa na gunia begani na maji ya kijivu yakimchuruzika mgongoni kwenye shati lililopigwa pasi.

Clotilda alikuja na ukingo wa mtandio puani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka.

"Baba, mimi nilikuomba udongo. Hiki ni nini?"

"Ni udongo, mama. Tumeuosha."

"Umeuosha kwa nini, kwa kinyesi?"

Wafanyakazi wawili waliokuwa wakipaka rangi vikombe walicheka kisha wakainama. Anastazi alifungua mdomo. Evarista alimwona akitafuta uongo mzuri, akamwonea huruma, jambo ambalo hakulitarajia.

"Shikamoo, mama," alisema Evarista.

"Marahaba."

"Tuliuloweka kwenye mtumbwi wa pombe. Ulikuwa na machicha ya rubisi na maji ya ndizi. Ukakaa umefunikwa mpaka ukachacha. Maji tuliyomwaga yalikuwa ya kijani, na palipomwagika pameota kutu. Ndivyo ilivyokuwa. Hatukujua."

Uwimana, fundi, alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha tanuru akifuta mikono. Alikuwa binti mwembamba aliyezungumza kama anayeomba radhi. Alisogea, akachota udongo kwa kidole bila kuziba pua.

"Pameota kutu baadaye? Si palepale?"

"Kesho yake. Maji yalikuwa ya kijani, yakageuka."

"Na ulifunikwa kabisa? Hewa haikuingia?"

"Aliweka na mawe," alisema Evarista, na kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama mumewe machoni.

Uwimana alimgeukia Clotilda. "Mama, naomba tuuchome. Kigae kimoja tu, kiingie pamoja na sahani."

"Uwimana, ni kijivu kama matope!"

"Huu ukijivu ni wa kuoza, kama mbolea. Unaungua. Kutu ya chuma ndiyo isiyoungua." Alisita. "Sina hakika. Lakini tanuru inawashwa leo hata hivyo."

Clotilda alitazama saa, akatazama gunia, akatikisa mkono kama anayefukuza inzi. Walijua maana yake ni ndiyo.

Walilala kwa shangazi yake Evarista, nyuma ya msikiti. Tanuru iliwaka, kisha ikaachwa ipoe, na kupoa kulichukua muda kuliko kuwaka. Walikaa ukumbini kwa shangazi wakimchambulia maharage. Hawakuzungumza juu ya kigae. Walizungumza juu ya bibi harusi, kwamba alikuwa mfupi. Juu ya kaka, kwamba amezeeka. Evarista alipeleka chakula mdomoni, akakirudisha sahanini. Anastazi aliona, naye akaisogeza sahani yake pembeni. Alitaka kusema: nilikosea kutokukuuliza. Maneno hayo alikuwa ameyabeba tangu siku ya panga, na kila alipoyakaribia yalimkimbia. Safari hii aliyasema akiwa ameinamia ungo, akiyaambia maharage.

"Nilipaswa kukuuliza."

Evarista aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe dogo uani.

"Ndiyo," alisema.

*

Walipofika karakanani, mlango wa tanuru ulikuwa umeshafunguliwa na sahani zilikuwa zikitolewa moja moja, kila moja ikilia kidogo kwa kupoa. Uwimana alikuwa amesimama na kitu kwenye kitambaa. Hakusema lolote. Alikifungua.

Kigae kilikuwa cheupe.

Hakikuwa na weupe wa karatasi. Kilikuwa na kivuli cha maziwa, cheupe kama muhogo ulioiva. Lakini madoa hayakuwapo. Evarista alikigeuza upande wa pili, kisha wa kwanza tena, kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi la jalala na gauni lake la kanisani.

"Dada!" Uwimana alipiga magoti. "Dada, unaumwa?"

"Siumwi. Niache nikae."

Clotilda alikichukua kigae akakipeleka juani. Alikilinganisha na sahani yake. Alikigonga kwa ukucha, akakisikiliza.

"Si cheupe sana," alisema.

"Hiyo ni titani iliyobaki, mama," alisema Uwimana. Alikuwa anatabasamu na hakuweza kuacha. "Mchanga mweusi waliuacha chini ya mtumbwi, lakini nyingine ni laini mno, haitoki kwa maji. Chuma ndicho kimetoka. Vijidudu vya kuchachusha vilikosa hewa, vikakigeuza kikayeyuka kwenye maji, nao wakakimwaga kabla hakijageuka tena. Chuoni tulisoma kwamba inawezekana kwa sukari. Sikuwahi kuona mtu akifanya."

"Na mimi sikujua nafanya," alisema Anastazi, na wote wakacheka, hata Clotilda.

"Kwa sahani unafaa," alisema Clotilda. "Nitauchukua. Mnioshee hivyo hivyo, lakini muukaushe kwanza, wateja wangu wasikimbie. Shimo lenu lina udongo wa kutosha? Bado kuna migomba ya kutoa?"

Evarista alijibu kutoka pale chini alipokaa.

"Lina wa kutosha, mama. Tutachimba kwenda chini. Upande wa migomba hatuendi."

"Chini ni kazi zaidi."

"Ni kazi yake," alisema Evarista, akimwonyesha mumewe kwa kidevu.

"Ni kazi yangu," alisema Anastazi.

*

Lori la kurudi lilikuwa halijapakia. Waliingia mgahawani, Evarista akapiga simu nyumbani. Febronia alipokea akipiga kelele kama watu wanaoamini kwamba Kirushya ni mbali na simu inajua.

"Mama, kimekuwa cheupe! Wamekubali!"

Wakasikia vigelegele, na sauti ndogo ya Adventina ikiuliza bibi ana nini, kisha Febronia tena:

"Sasa mwambie huyo mume wako anichongee mtumbwi mwingine! Huu nimewaachia na titani wenu!"

Chakula kililetwa, ugali na samaki mzima kwa kila mmoja. Evarista alinawa, akala. Alikula tonge kubwa kubwa, bila kuinua kichwa, kama mtu aliyetoka kulima siku nzima. Alimaliza ugali, akaomba uongezwe. Anastazi alimtazama mpaka chakula chake kikaanza kupoa.

"Ungeondoka kweli?" aliuliza.

Evarista alitoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni mwa sahani. Alifikiri. Nje, utingo alikuwa akiwaita abiria wa Ngara, upande wa kwao.

"Ningeondoka," alisema.

Anastazi alitikisa kichwa taratibu, kukubali. Evarista aliikata minofu ya samaki wake iliyobaki, akaisukumia kwenye sahani ya mumewe.

"Kula," alisema. "Safari ni ndefu, na wewe hujala tangu juzi."